Mkasi Usiotoka Kwenye Simu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na Pasi naye ameanza leo. Wote wawili wameingia bila hodi.

Fundi Mkuu alimleta asubuhi, akamsimamisha katikati ya vyerehani na kusema, "Huyu ndiye mpiga pasi wetu mpya. Sare za muhula ujao ni nyingi, msije mkaniaibisha." Alilitaja na jina lake, lakini humu karakanani jina la nyumbani halina maisha marefu. Mimi nashona vifungo, basi naitwa Vifungo. Yeye kufika mchana alishakuwa Pasi.

Ni mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani. Marinda ya sketi anayapanga kwa kidole tu, hana haja ya chaki, na yanalala sawasawa. Fundi Mkuu alichukua sketi moja, akaiinua dirishani, akavua miwani, akaivaa tena. "Hii ndiyo kazi," akasema. Tangu nianze kushona vifungo hapa sijaona mtu akiinua kifungo dirishani.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Vifungo vyeupe vya mashati, tangu asubuhi mpaka kufunga.

Jumamosi, 7 Machi

Leo mdogo wangu alipita kuniletea chakula. Mtaani wanamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi, na akinyamaza ujue anaimba. Alikuwa anaimba hata alipokuwa akikung'uta mwavuli mlangoni. Pasi aliweka pasi yake pembeni, akauliza, "Sauti hiyo inatoka kwa nani?"

"Ni mdogo wangu," nikamjibu kabla mwenyewe hajajibu.

Niandike hapa jinsi tulivyo. Chiriku anaimba, mimi natengeneza muziki. Sina kinanda wala studio. Nina simu yenye ufa kwenye kioo, na ndani yake programu moja ya kutengenezea muziki. Narekodi sauti za hapa kazini, nazikata, nazipanga zijirudie. Kipande kinachojirudia hivyo tunakiita lupu. Lupu ninayoipenda kuliko zote ni ya mkasi: mkasi mkubwa wa Fundi Mkuu ukikata kitambaa kizito juu ya meza ya mbao. Niliukata mlio ule vipande vinane, halafu kimoja nikakivuta nyuma kidogo, kidogo kabisa, kikawa kinachelewa kama mtu aliyesita mlangoni. Ukisikia, bega lako litakwenda lenyewe hata kama umefiwa. Kiitikio cha wimbo wa Chiriku kimekaa juu ya mkasi huo.

Kumbe Pasi naye anatengeneza muziki kwenye simu, ila kwa programu nyingine. Akaruka kwa furaha. "Vifungo, usiniambie! Hebu nirushie huo mkasi na mimi niuchezee."

Nikamweleza kwamba programu yangu huhifadhi lupu katika aina yake yenyewe ya faili. Ndani yake mna sauti, mna kasi ya wimbo, mna na alama za pale ilipokatwa. Ndiyo maana ukiongeza kasi, lupu inafuata vizuri bila kulia kama panya. Lakini faili hiyo inafunguka kwenye programu hiyo tu. Ukiipeleka kwingine, simu inakuambia haiijui.

"Basi wametufungia mlango," Pasi akasema.

Jambo hilo lilikuwa likiniudhi zamani. Leo nimelipenda.

Jumanne, 10 Machi

Mabati ya karakana yanapigwa na mvua kiasi kwamba hata kukohoa huwezi kurekodi. Umeme ulikatika. Pasi akatoa pasi ya mkaa kutoka stoo, akaipuliza, akaendelea na kazi huku akigonga kifuniko chake kwa mdundo. Vyerehani vya miguu vikaanza kumfuata. Hata mimi sindano yangu ilimfuata, nikaizuia.

Ijumaa, 13 Machi

Chiriku amemwita "dada".

Alikuja tena na chakula, siku ya tatu wiki hii, na mimi sikumwomba. Alikaa kwenye meza ya pasi, si kwenye kigoda changu. Nikamsikia kwa masikio yangu, "Dada, hebu rudia hapo."

Niligeuka nikidhani ananiita mimi. Alikuwa anamtazama Pasi.

Dada ni mimi. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni Mama alipokuwa kazini, mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu mapigo kwa kumgonga goti. Mtu amekuja juzi na mvua, tayari ni dada! Na asionekane mtu wa kusema ni heshima tu kwa aliyekuzidi umri. Najua heshima inavyotamkwa, na najua mapenzi yanavyotamkwa.

Nilimaliza mashati kumi na mawili, na mawili niliyashona vifungo upande wa kike.

Jumatano, 18 Machi

Leo alikuja bwana mmoja kupimisha sare za watoto wake. Chiriku alikuwa stoo, akiimba na vitambaa. Yule bwana alisimama na mkono juu, futi ya kupimia ikiwa bado begani kwa mtoto, akauliza nani anaimba. Kumbe ni mtangazaji wa redio, ana kipindi cha nyimbo mpya.

Nikatoa simu. Nikamsikilizisha wimbo wetu, sauti ya Chiriku na mkasi wangu chini yake. Mkasi ulipofika pale unapochelewa, niliona kiatu chake kikigonga sakafu.

"Nani ametengeneza hii?"

"Dada yangu," Chiriku akasema, na safari hii alininyooshea mimi kidole. Sijui kama nimewahi kuwa mrefu kama nilivyokuwa pale.

Bwana akasema wimbo anautaka, na akiupiga atawataja mwimbaji na mtengenezaji. Lakini hataki faili moja iliyokwisha kuchanganywa. Anataka kila sauti kivyake, sauti ya mwimbaji peke yake, mkasi peke yake, ngoma peke yake, katika faili za kawaida zinazofunguka popote. Fundi mitambo wao atazichanganya upya. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nne Aprili. Atakayechelewa atasubiri mwakani.

Kutajwa redioni! Mimi, Vifungo! Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na sikuhisi.

Alhamisi, 19 Machi

Furaha ya maskini haikawii.

"Dada," Chiriku aliniambia asubuhi tukitoka, chini ya mwavuli mmoja, "nimefikiri. Tumwombe dada Pasi atuwekee mlio wa pasi ya mkaa pale kwenye kiitikio. Na simu yake ni nzuri kuliko yako, haikwami. Tukiupanga wimbo wote kule kwake utatoka safi. Wewe umtumie tu vipande."

Umtumie tu vipande. Alilisema kama mtu anayeagiza chumvi.

"Tutaona," nikamwambia.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemtumia Pasi lupu zangu zote. Mkasi, cherehani, mlango wa stoo, mvua ya mwaka jana kwenye ndoo. Zote, sikubakiza hata moja. Na zote katika aina ile ya faili isiyofunguka kwake.

Hakuna atakayesema nilikataa.

Jumanne, 24 Machi

Wakati wa mapumziko Pasi alikuja na simu yake mkononi, jasho puani.

"Vifungo, nimehangaika. Nimebadilisha hata mkia wa jina la faili, nikaandika ule wa sauti ya kawaida. Simu ikakubali, nikashangilia peke yangu kama mwehu. Kuigusa ichezwe, inasema faili imeharibika."

Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa na meno. "Mwenzangu, ukibandika karatasi ya sukari kwenye kopo la chumvi, chai haitakuwa tamu. Jina limebadilika, ndani ni vilevile."

Wote waliosikia walicheka. Pasi naye akacheka, tena kuliko wote, na hilo liliniudhi. Mtu ukimchoma basi aonyeshe kwamba amechomeka.

Chiriku hakucheka. "Sasa dada, tunazitoaje?"

Hapa niandike ukweli, maana nje sikuusema. Njia ipo. Unafungua wimbo mpya mtupu, unaweka lupu moja tu, unaiacha icheze, halafu unaitoa kana kwamba ni wimbo mzima. Programu inakupa faili ya kawaida, inayofunguka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Unarudia kwa lupu ya pili, na ya tatu. Si kazi ya kumchosha mtu. Nimewahi kufanya hivyo kwa ajili ya mlio wa simu ya Mama.

Nikawatazama wamesimama pamoja, mmoja ameegemea bega la mwenzake. Nikaona kitakachotokea. Mkasi wangu ukishakuwa faili ya kawaida, utakuwa wa kila mtu. Pasi ataupanga kwenye simu yake nzuri isiyokwama, ataukata anavyotaka, na redioni litatajwa jina lake kwanza. Mimi nitakuwa yule aliyetuma vipande.

"Haitoki," nikasema. "Programu hairuhusu. Inatoa wimbo mzima tu, umeshachanganywa."

"Hakuna njia kabisa?"

"Kabisa. Mwambie yule bwana aupokee ulivyo."

Nilisema bila kupepesa macho. Fundi Mkuu, aliyekuwa anakata kitambaa na kusikiliza kila kitu kama kawaida yake, akasema bila kuinua kichwa, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa, 27 Machi

Mtangazaji amekataa. Kila sauti kivyake, au basi. Chiriku hajaimba leo, na nyumba imekuwa kubwa.

Jumapili, 29 Machi

Mama alikuwa anachambua mboga, mimi namsaidia, Chiriku hayupo. Yuko kwa Pasi. Hata Jumapili.

"Una nini na mwenzio wa kazini?" Mama akauliza.

"Sina kitu naye."

"Mwanangu, nimekuzaa. Ukiwa huna kitu, hukati shina la mboga namna hiyo."

Nikamwambia kwamba Chiriku anamwita dada. Nilipolisema kwa sauti likaonekana dogo, na nikajichukia kwa kulisema.

Mama aliendelea kuchambua. "Na mimi wananiita mama watu wangapi mtaani? Umewahi kukosa mama?"

Nikachukua shina jingine. Lakini mama na dada si sawa. Mama hata akigawanywa anabaki. Mimi kazi yangu kwa Chiriku ni moja, kumpigia muziki. Akipata mwingine wa kumpigia, nabaki na nini? Kumkumbusha mwavuli?

Nina wivu. Haya, nimeliandika. Limekaa hapo linanitazama.

Alhamisi, 2 Aprili

Wameamua kuutengeneza wimbo upya, mwanzo mpaka mwisho. Pasi anasikiliza ule wangu uliochanganywa, sikio moja kwenye hedifoni, kisha anatafuta kila sauti humu ndani na kuirekodi mwenyewe. Cherehani amekipata. Mlango wa stoo ameupata. Ndoo ameijaza mvua ya mwaka huu. Wanarekodi stoo, katikati ya marobota ya vitambaa, maana marobota yanameza kelele za mabati. Mimi sikuwahi kuwaza hilo, na nimeuona usemi wa "akili ni nywele" kuwa mchungu kuliko siku zote.

Nimetafuta kasoro zake nipate kuziandika. Anacheka sana. Anakunywa maji kwa mlio. Hiyo ndiyo orodha yote.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua tu.

Jumatano, 8 Aprili

Pasi amemwomba Fundi Mkuu mkasi wake. Fundi Mkuu, ambaye hata mkewe hampi mkasi huo, alimpa!

Nilikaa na shati mapajani nikasikiliza. Krapu, krapu, krapu, kutoka stoo. Mkasi uleule, meza ileile waliyoiingiza kwa kuinamisha. Walirudia na kurudia. Baadaye Pasi akatoka, akaketi kando yangu sakafuni.

"Vifungo, huu mkasi umeufanya nini? Mimi nikiurekodi unakata tu. Wako unacheza."

Ningekuwa mtu mwema ningesema, kipande cha tatu kimevutwa nyuma. Maneno machache tu. Alama ya kuvuta imo ndani ya faili yangu, kwenye ule mchanganyiko husikii ilipo kwa sababu sauti ya Chiriku imelala juu yake.

"Labda ni simu," nikasema.

"Labda," akasema, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akaokota kifungo kilichoniponyoka, akaniwekea mkononi, akarudi kwenye pasi yake.

Kwa nini ananifanyia upole? Angenitukana ningelala vizuri.

Jumatatu, 13 Aprili

Mafuriko kidogo barabarani. Tumekuja na viatu mkononi. Pasi alimvusha Chiriku kwenye dimbwi kwa kumshika kiuno, kisha akarudi kuninyooshea na mimi mkono wake. Nikapita pembeni, nikazama mpaka gotini. Karakana nzima iliona.

Alhamisi, 16 Aprili

Chiriku ameniuliza tena leo. Tulikuwa tunaanua nguo kabla mvua haijarudi.

"Dada, wimbo umekamilika, umebaki mkasi. Tumejaribu vijiko, tumejaribu funguo, dada Pasi amejaribu hata kubofya kalamu. Hakuna kinachokaa pale. Una hakika haitoki?"

Alikuwa ameshika shuka upande mmoja na mimi upande mwingine, tunaikunja. Kila tukikunja tunasogeleana. Tulipofika karibu kabisa uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananingoja.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo. Kisha akaongeza, kwa wema wake wote, "Dada Pasi anasema ukifikiri utapata njia tu."

Dada Pasi anasema. Hata ukarimu wangu amekwisha kuusema yeye!

"Haitoki," nikasema, nikachukua shuka.

Jumanne, 21 Aprili

Sare za wasichana zimekwisha. Vifungo mia sijui ngapi. Vidole vinauma.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo ndiyo siku ya kupeleka. Asubuhi walikuwa stoo mapema. Nilipoingia, Pasi alitoka akasimama karibu na kigoda changu, simu mkononi. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu asiye na la kusema. Nikashona. Mwishowe akasema, "Mvua imepungua," nikasema, "Imepungua." Akaenda zake.

Walipeleka mchana. Wimbo gani, wenye mkasi wa nini, sikuuliza, nao hawakuniambia. Nilitazamia kwamba watakataliwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilitaka mdogo wangu akataliwe, arudi nyumbani analia, nimfute machozi mimi.

Jumatano, 29 Aprili

Wamekubaliwa.

Jumatatu, 4 Mei

Fundi Mkuu aliweka redio juu ya meza ya kukatia, akaamuru vyerehani vyote vinyamaze. Hajawahi kufanya hivyo hata alipofika mwenye jengo. Mama alikuja na kitambaa chake kizuri. Chiriku alikaa sakafuni na kujifunika uso kwa sketi ya mtoto wa watu. Pasi alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu na sindano, maana ukiwa na sindano hakuna anayekuuliza mbona huna raha.

Mtangazaji akamtaja mwimbaji. Akataja mtengenezaji, na jina nililolisikia halikuwa langu. Nililitegemea, na bado lilinipiga kifuani.

Wimbo ukaanza. Cherehani, halafu kifuniko cha pasi ya mkaa, halafu Chiriku. Sitasema uongo mwingine: ni mzuri. Sauti yake imesimama wazi, haikusongwa kama nilivyokuwa nikiisonga mimi. Nilisikia anavuta pumzi. Katika ule wangu nilikuwa nimezifuta pumzi zake zote nikidhani ni uchafu.

Nikangoja kiitikio, pale pa mkasi. Niliandaa roho yangu kukisikia kijiko, au funguo, nipate kudharau.

Hapakuwa na kitu.

Ngoma zilikoma, Chiriku akakoma, kila kitu kikakoma kwa muda uleule wa mkasi wangu, kisha wimbo ukarudi. Kiitikio cha pili vilevile. Nafasi tupu, imekatwa kwa kipimo changu kama kitambaa kilichokatiwa mtu fulani. Hakuna aliyenieleza, wala sikuhitaji kuelezwa. Waliniachia mahali pangu. Pasi alipokuja kusimama pembeni ya kigoda changu ile Ijumaa, simu mkononi, alikuwa amekuja kunipa nafasi ya mwisho, na mimi nikazungumza naye habari za mvua.

Mara ya tatu nafasi ile ilipofika, mshonaji mmoja wa vyerehani vya mbele akapiga makofi mawili ndani yake, kwa furaha tu. Pa, pa. Karakana ikacheka. Mara ya nne walipiga wote.

Jumatano, 6 Mei

Wimbo umepigwa tena jana na leo. Mtaani watoto wanauimba, na wakifika pale wanapiga makofi. Mwenye duka la vocha anapiga makofi juu ya kaunta. Hakuna aliyewafundisha.

Mapumziko ya leo nilikwenda stoo peke yangu. Nikafungua wimbo mtupu, nikaweka mkasi peke yake, nikauacha ucheze, nikautoa. Faili ya kawaida. Ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Mwezi na zaidi nimeubeba uongo ule, na kazi yenyewe haikumaliza hata kikombe.

Nilikuwa na mpango. Fundi mitambo wa redio anaweza kuuingiza mkasi pale palipo tupu, wimbo ukapigwa upya, ukiwa kamili. Nilijua nikimpa Chiriku faili hiyo nitakuwa nimejifichua, na nikaamua na iwe.

Nilimkuta nyumbani anapiga deki. Nikamtumia. Simu yake ikalia, akajifuta mikono kwenye nguo, akaigusa, na mkasi ukacheza ndani ya chumba chetu, unachelewa pale pake, kwenye simu ambayo haina programu yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliurudia. Bega lake lilikwenda.

"Kumbe inatoka," akasema.

Nikaweka simu yangu mezani. Nilimwambia tu, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa na wivu."

"Dada Pasi aliniambia tangu mwanzo kwamba kila programu ina tundu lake. Akasema nisikubane, utaitoa mwenyewe." Alikuwa analia na hakuficha. "Nilikungoja dada. Ile asubuhi ya kupeleka tulichelewa kuondoka kwa ajili yako."

"Basi tuipeleke sasa. Waiweke."

Aliinama, akakamua tambara, akalikamua tena ingawa lilikuwa halina maji. Nilitamani akasirike.

"Dada," akasema, "watu wameshapazoea hivyo."

Ijumaa, 8 Mei

Jua siku nzima. Fundi Mkuu ametoa marobota nje yaanikwe. Nimemweleza Pasi habari ya kipande cha tatu, jinsi kinavyovutwa nyuma, na nikampa faili. Alinishukuru kama mtu aliyepewa kitu kwa wakati wake.

Jioni, kabla ya kufunga, redio iliupiga wimbo. Mama alikuwa amenipitia, tuondoke pamoja. Wimbo ulipofika pale pa wazi wakapiga makofi wote, Fundi Mkuu na mkasi wake chini ya kwapa, Pasi, Chiriku, Mama naye. Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa mitupu, lakini nilikuwa nasikia mkasi.